Buluu Isiyokwisha Mtutuni

Jeshini, mume wangu alifundishwa kwamba mtutu wa bunduki ni safi pale kitambaa kinachopitishwa ndani yake kinapotoka kama kilivyoingia. Ofisa aliyekagua hakuuliza askari amesugua mara ngapi wala kwa mafuta gani. Aliinamia upande mmoja wa mtutu, askari akaweka ukucha wa kidole gumba upande wa pili ili urudishe mwanga, na kama duara la ndani liling'aa, mtu alikwenda kula. Kama halikung'aa, alibaki na njaa yake hadi ling'ae. Mume wangu alistaafu akiwa mkufunzi wa shabaha. Desturi hiyo alitoka nayo kambini, pamoja na kiuno kibovu na tabia ya kutandika kitanda kana kwamba kuna mtu atakuja kukikagua.

Tunaishi Ntinda, mtaa wa pembeni mwa jiji, kwenye nyumba tuliyoijenga chumba kwa chumba huku watoto wakikua. Yeye ni Mkatoliki wa kaskazini. Mimi nilizaliwa Kisenyi, katikati ya jiji hilohilo, binti wa fundi magari Mwislamu, nikasoma kemia chuo kikuu, na hadi leo nafanya kazi kwenye maabara inayopima maji. Yeye hajui Kiganda cha kutosha kunibembelezea, nami sijui lugha ya kwao ya kutosha kugombania na dada zake, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotuoza. Wapo watu wa rika langu hapa mjini ambao wakisikia Kiswahili hukumbuka vizuizi vya barabarani na sauti za watu wenye silaha waliokitumia kuamrisha. Siwalaumu. Kwangu mimi ni lugha ya mtu anayeuliza kutoka bafuni taulo lake limewekwa wapi.

Baada ya kustaafu alijiunga na klabu ya walenga shabaha iliyo nje kidogo ya jiji, akaomba leseni, akanunua bunduki moja ya zamani yenye mpini wa mbao na bolti ya kuvuta kwa mkono. Haina darubini. Nyuma ina kitundu kidogo, mbele ina kijiti, na baina ya hivyo viwili jicho hufanya kazi yote. Inakaa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na nilipoizoea niliona haina tofauti kubwa na gofu ya waume wa marafiki zangu. Kila mwezi alirudi na karatasi ya shabaha aliyoikunja mfukoni, akaifunua mezani kabla hajavua viatu. Matundu kumi yote yalikaa pamoja. Ningeweza kuyafunika kwa kisahani cha chai.

Kisha yakaanza kutawanyika. Mara ya kwanza alisema ni upepo. Mara ya pili alisema ni risasi za duka lile jipya. Mara ya tatu karatasi haikufunuliwa. Niliikuta kwenye suruali nilipokuwa nakagua mifuko kabla ya kufua, na matundu yake yalikuwa kama mtama aliotupiwa kuku.

Sikumwambia nimeiona. Nilikuwa nimeona na mengine. Alikuwa amemwaga chai kandokando ya kikombe, akailaumu birika. Alikuwa ameacha kuendesha gari jioni, eti madereva wa siku hizi hawazimi taa kali. Jumbe za simu alinipa nimsomee, akisema miwani iko chumbani, na miwani iko kifuani pake.

Mama yake alipofuka akiwa na umri huu alio nao mwanawe sasa. Giza lilimjia kutoka pembeni, taratibu, na mume wangu, aliyekuwa kitinda mimba, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kisimani, kanisani na chooni. Habari hiyo alinisimulia mara moja tu, tukiwa wachumba, na hakuirudia. Kwa hiyo nilipomwambia twende kwa daktari wa macho, nilijua ninamwomba aende wapi.

"Mimi sina shida na macho," alinijibu. "Bunduki ndiyo iko na shida."

Aliyempa jina la shida hiyo alikuwa rafiki yake wa klabu, Msomali anayeuza matairi kwa jumla Kisenyi, mitaa miwili tu kutoka ilipokuwa gereji ya baba yangu. Ni mtu mpole mwenye mwili mkubwa. Alikuja kwetu Jumapili moja, akakaa barazani, akala sambusa zangu akizisifu kwa kuzimaliza, kisha akaomba aoneshwe mtutu. Alimulika kwa tochi ya simu, akachungulia kwa muda mrefu.

"Afande," alisema, "huyu ana shaba."

"Shaba gani? Mimi nasafisha kila nikitoka kupiga. Kitambaa kinatoka cheupe kama kanzu yako ya Ijumaa."

"Unatoa masizi. Masizi yanatoka kwa mafuta. Shaba haitoki kwa mafuta, bwana. Shaba inataka dawa yake."

Akaeleza, nami nikaelewa kwa haraka kuliko mume wangu, kwa sababu hapo tulikuwa tumeingia shambani kwangu. Kichwa cha risasi huvikwa ngozi ya shaba. Kinapopita mtutuni kwa kasi na joto lile, kikibanwa na mifereji iliyojipinda ndani yake, huacha utando mwembamba kama kidole chenye siagi kinavyoacha alama kwenye kioo. Risasi inayofuata huacha wake juu ya ule, na inayofuata vivyo hivyo, hadi chuma chenyewe hakigusani tena na risasi. Bunduki huanza kupiga ovyo, na mwenyewe hujilaumu. Kitambaa chenye mafuta hupita juu ya shaba hiyo na kutoka cheupe, na mtutu hung'aa, kwa kuwa shaba nayo hung'aa. Dawa inayoitoa ina amonia. Amonia huiyeyusha shaba ikageuka buluu, na buluu hiyo ndiyo inayoonekana kitambaani.

Nilimtazama mume wangu akisikiliza. Sikuwa nimeuona uso ule tangu mtoto wetu wa kwanza alipopona malaria. Bunduki hupiga ovyo, na mwenyewe hujilaumu! Aliyarudia maneno hayo kwa sauti ya chini, kisha akanigeukia.

"Umesikia, madam?"

"Nimesikia, afande."

Siku hiyohiyo tulikubaliana. Atausafisha mtutu mpaka shaba iishe, atakwenda uwanjani, na kama matundu yatatawanyika bado, nitampeleka kwa daktari bila yeye kufungua mdomo. Alinipa mkono juu ya jambo hilo kama tunauziana ng'ombe. Mimi nami, niseme nisiseme, niliitaka shaba ile kama alivyoitaka yeye.

Tangu hapo kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana aliweka bunduki kwenye meza ya barazani, juu ya blanketi kuukuu, akaigeuza mdomo uelekee ukuta. Fimbo ya kusafishia aliifungia kichwa cha shaba ya njano alichochongewa na fundi wa mashine ya kukereza huko Kisenyi, maana chuma kigumu kingeukwaruza mtutu na shaba ya njano ni laini. Alichovya kitambaa katika dawa, akakiviringisha juu ya kichwa kile, akasukuma polepole kutoka upande wa nyuma hadi mbele. Kisha aliiacha dawa ifanye kazi mtutuni huku akinywa chai.

Harufu ilikuwa ya kutisha. Jirani yetu, mwanamke mcheshi ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alipiga kelele siku ya kwanza, "Nnyabo, mama! Mmefungua saluni ndani ya choo?"

"Tunapaka nywele za bunduki rangi," nilimjibu.

"Banange, jamani! Hata bunduki siku hizi zinaficha mvi?"

Kitambaa cha kwanza kilitoka na buluu nzito, kama wino wa shule uliomwagika. Mume wangu alikiinua juu kwa ncha za vidole kama mtu aliyevua samaki. Cha pili kilikuwa vilevile, na cha tatu. Shaba ilikuwepo kweli. Yule muuza matairi hakukosea. Jioni ile mume wangu aliimba akioga.

Jumamosi zilizofuata buluu ilipungua, ikawa kama anga la asubuhi, kisha kama maji yaliyosuuziwa sare ya shule. Lakini haikwisha. Tulibadilisha vitambaa, tukaongeza dawa, tukaiacha ikae zaidi. Kila kitambaa kilitoka na kivuli kilekile hafifu. Na kwa kuwa kanuni ya kambini ni kanuni, hakwenda uwanjani. Mtu hapigi risasi kwa mtutu mchafu. Na kama hakwenda uwanjani, daktari naye alisubiri.

Kuna jambo nililochelewa kulipa uzito. Mwanzoni alikuwa akikitazama kitambaa mwenyewe na kutangaza. Baadaye alianza kukinyoosha kwangu.

"Sema. Bado?"

"Bado."

"Ni nyingi?"

"Kidogo tu. Lakini iko."

Alitikisa kichwa kwa subira ya mtu anayejua kazi nzuri haina haraka, akakata kitambaa kingine. Nilikuwa nikimwambia kweli. Buluu ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu mawili mazima. Lakini nilikuwa nimesoma pia kwamba presha ya macho, ugonjwa unaoleta giza kutoka pembeni kama lilivyomjia mama yake, haimngoji mtu. Kinachopotea kwa ugonjwa huo hakirudishwi na daktari yeyote, na kila Jumamosi iliyopita na kitambaa chake cha buluu ilikuwa Jumamosi moja zaidi bila daktari. Kazini nilikuwa nikisimama mbele ya sampuli za maji nikijiuliza ni shaba gani hii isiyokwisha katika mtutu wenye unene wa kidole.

Jibu lilinijia nikiwa nakusanya vyombo vya chai. Yeye alikuwa ameingia ndani kutafuta mkasi. Fimbo ilikuwa imelala mezani, na kichwa chake cha shaba ya njano kilikuwa kinang'aa kwa namna ya ajabu, si kama kitu kilichotumika wiki nyingi, bali kama kitasa kilichosuguliwa kwa limau. Kitu kilikuwa kimekila ngozi yake. Niliweka vikombe chini.

Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Mwanafunzi wa sekondari anajua hilo.

Nilichukua kitambaa kipya, nikakichovya katika dawa, nikakivika kile kichwa, nikakiacha hapo mezani. Hakikuingia mtutuni. Hakikugusa bunduki. Nilikaa nikikitazama, na baada ya muda wa kutosha kunywa kikombe kimoja, pembe yake ilianza kugeuka. Buluu ileile hafifu ya maji ya sare.

Mtutu ulikuwa safi, pengine tangu wiki nyingi. Tulichokuwa tukikisafisha kila Jumamosi ni kichwa cha fimbo yetu.

Sitaficha kwamba nilikaa pale na kitambaa mkononi nikipima kunyamaza. Nilimsikia ndani akifungua droo moja baada ya nyingine, na mkasi uko juu ya friji mahali pa wazi. Maadamu kitambaa kilitoka buluu, alikuwa mtu mwenye bunduki mbovu. Mtu mwenye bunduki mbovu hulala vizuri. Lakini nilisikia mkono wake juu ya mbao za kabati, ukipapasa, na nikaita.

"Afande! Njoo uone kitu."

Alitoka bila mkasi. "Kimekuwa cheupe?"

"Kaa kwanza. Hiki hapa hakijaingia popote. Nimekivika fimbo tu, hapa mezani."

Alikichukua. Akakisogeza karibu, akakipeleka mbali, akageukia upande wa jua.

"Iko rangi hapa?" aliuliza.

"Iko. Buluu. Inatoka kwa kichwa cha fimbo, si kwa bunduki. Kichwa ni shaba. Dawa inakula shaba yoyote, haichagui."

Nilijitayarisha kwa hasira, maana kuna wanaume ambao habari mbaya huwafikia kwa njia ya ukali. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, na nikatambua kwamba anacheka.

"Mtu na digrii yake ya kemia!" alisema.

"Na mkufunzi wa jeshi je?"

"Jeshini tulikuwa na fimbo ya chuma, madam. Hatukuwa na maraha ya kuchongewa." Akapangusa macho. "Basi sisi wote ni wajinga. Hawa watoto walipata wapi akili?"

"Kwa jirani."

Tulicheka hadi jirani mwenyewe akauliza kuna nini. Kisha kicheko kiliisha, na mume wangu akakikunja kile kitambaa mara mbili, mara nne, akakiweka chini ya kisahani kana kwamba upepo ungekichukua.

"Kwa hiyo iko safi," alisema.

"Nadhani hivyo."

"Tuhakikishe."

Fundi yuleyule wa Kisenyi alimchongea kichwa kingine cha plastiki ngumu. Jumamosi iliyofuata kitambaa kiliingia cheupe na kutoka cheupe. Hakunyoosha mkono kuniuliza. Alinitazama tu usoni, akaanza kukusanya vitu vyake.

Uwanjani nilikwenda naye, jambo ambalo sikulizoea. Muuza matairi alikuwa ametutangulia, amevaa kofia kubwa ya majani, na aliniletea kiti. Mume wangu alimsimulia kisa cha kichwa cha fimbo, akakitia chumvi, akaniigiza sauti, na yule bwana akacheka hadi kiti chake kikalia.

"Sasa sikiliza, afande," alisema alipopata pumzi. "Mtutu ukitoka kuoga hivi, risasi za kwanza zinakwenda kutembea. Usizihesabu. Piga chache kwa udongo, mtutu urudi kwa tabia yake, ndiyo uanze."

Alipiga hizo chache kwenye ukingo wa udongo. Kisha alilala kifudifudi juu ya mkeka, akapumua kama nilivyomwona akipumua usingizini, akapiga kumi. Mlipuko wa kila moja niliusikia kifuani. Bendera nyekundu iliposhushwa, ishara kwamba ni salama, tulitembea watatu hadi kwenye karatasi, na nusu ya njia nilikuwa nimekwisha kuona. Mtama wa kuku.

Hakusema ni upepo. Hakukuwa na upepo.

"Piga wewe," alimwambia rafiki yake.

"Mimi? Leo bega linaniuma."

"Piga, bwana. Bunduki hii hii. Risasi hizi hizi."

Yule mtu mkubwa alinitazama, akatafuta msaada kwangu, nami sikuwa nao. Alilala kwenye mkeka. Risasi yake ya kwanza ilikwenda pembeni, ya pili ikakata pembe ya karatasi. Kabla hajapiga ya tatu mume wangu alipiga magoti kando yake.

"Acha hivyo," alimwambia, kwa sauti ya upole kabisa. "Mimi nimefundisha watu miaka yote hiyo. Unavuta triga kama mtu anayekamua ng'ombe, na wewe si mtu wa hivyo. Usinihurumie. Nataka kujua."

"Afande..."

"Nataka kujua tu, ndugu yangu. Nisaidie nijue."

Muuza matairi aliinamisha paji la uso juu ya mpini wa bunduki kwa muda. Alisema kitu kwa lugha yake, nadhani dua. Kisha akabadilisha karatasi, akalala tena, na safari hii alipiga vile anavyojua. Tulitembea tena hadi kwenye karatasi ile. Matundu yote kumi yalikuwa ndani ya duara jeusi, mengine yamegusana. Mume wangu aliyapapasa kwa kidole, moja baada ya jingine, na nilimwona akiyahesabu kwa ncha ya kidole kwa kuwa kwa jicho hakuyapata yote.

"Bunduki nzuri sana hii," alisema.

Rafiki yake alikuwa ameshavua kofia, akiishika kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani. Mume wangu akamgonga bega, akamwambia asijifanye mjane, kisha akanigeukia na kunipa funguo za gari.

"Madam, huyo daktari wako yuko wazi Jumatatu?"

Alikuwa wazi. Alikuta mtoto wa jicho upande wa kulia, ule wa kulengea, na presha katika macho yote mawili. Mtoto wa jicho aliondolewa, na sehemu kubwa ya mwanga ikarudi. Presha haiondolewi. Ilichokwisha kula, daktari alisema, imekula, ila tumefika wakati bado kuna kingi cha kulinda, na kitalindwa kwa matone kila jioni, maisha yake yote. Nilimuuliza kama wiki zile za vitambaa zilitugharimu. Alijibu kwamba hawezi kusema, na nilimshukuru kwa kutonidanganya upande wowote.

Mume wangu anapiga tena shabaha, si kama zamani. Matundu yake sasa yanataka sahani ya chakula, na karatasi huzifunua mezani hivyohivyo, hata zile mbaya.

Matone namtia mimi, maana mwenyewe hulenga akakosa na dawa ikashuka shavuni. Kila jioni baada ya taarifa ya habari hukaa kwenye kiti, akainamisha kichwa nyuma, akafumbua macho. Mtu huyu amelala kando ya mizinga. Lakini kichupa kikikaribia anashika mikono yote miwili ya kiti, anaruka kabla tone halijaanguka, na mimi namwambia, "Tulia, afande," naye anajibu, "Nimetulia, wewe ndiye unachelewa," na hapo ndipo ninapomshika kidevu.